Laiti tungeweza kubadilishana miili

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa kuanzia miaka tisa, na kuna televisheni au simu yenye bando, basi hadithi hii umeshakutana nayo. Mama na binti wanagombana asubuhi. Usiku unapita na maajabu yake, kesho yake kila mmoja anaamka akiwa ndani ya mwili wa mwenzake. Mama anajitazama kwenye kioo, anakuta sura ya binti, anapiga yowe. Chumba cha pili nako yowe. Kuanzia hapo ni vichekesho mtindo mmoja: binti anakwenda kazini kwa mama, mama anakwenda kufanya mtihani wa hesabu. Mwishoni wanakumbatiana, kila mtu anarudi kwake.

Wengi wetu tunazitazama hizi kwa jicho la pembeni huku tunachambua mchele. Mimi imenibidi nizitazame kwa makini. Mwanangu wa kiume, ana miaka kumi sasa, ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo, na siku anazoshinda ndani kwa maumivu hizi ndizo sizoni anazozitaka. Vijana wanaoweka watu muvi kwenye flashi pale stendi wameshanizoea. Nikitokea tu wananiuliza, "Mama, leo tena za kubadilishana?"

Ukizitazama nyingi unaanza kuona zina sheria zake. Hakuna mwandishi anayebadilisha watu miili hivihivi. Uchawi huja pale ambapo maneno yameshindwa, na karibu kila mara kuna sentensi moja iliyotangulia: "Wewe hujui ninavyojisikia." Sentensi hiyo imesemwa mara ngapi nyumbani kwako wiki hii? Kwangu usiniulize, nina binti wa miaka kumi na minne.

Hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko televisheni. Mwaka 1882 Mwingereza aliyekuwa akiandika kwa jina la F. Anstey alitoa riwaya iitwayo Vice Versa. Humo kuna mzee mmoja, Bwana Bultitude, anamrudisha mwanawe Dick shule ya bweni. Mtoto hataki kwenda, anamwogopa mwalimu mkuu. Baba anamwambia maneno ambayo sote tumeshawahi kuwaambia watoto: shule ni raha, laiti mimi ningekuwa mtoto tena. Tatizo ni kwamba anayasema akiwa ameshika jiwe la ajabu lililotoka India. Anageuka mtoto palepale, mfano mmoja na Dick. Dick naye hakulaza damu, akalichukua jiwe akaomba awe baba. Basi aliyekwenda bwenini siku ile ni mzee.

Miaka tisini baadaye, 1972, Mmarekani Mary Rodgers akaandika Freaky Friday, akawaweka mama na binti mahali pa baba na mwana. Kampuni ya Disney ikaifanya filamu mwaka 1976, na tangu hapo haijaiacha ipumzike. Kwenye ile ya 2003 uchawi unatoka kwenye biskuti za bahati za mgahawa wa Kichina. Kwenye ile ya muziki iliyorushwa na televisheni ya Disney Channel mwaka 2018 unatoka kwenye saa ya mchanga. Mwaka 2025 mama na binti wale wa 2003 wamerudi tena wakiwa wamekua, na safari hii watu wanne wanachanganyikana. Baba watoto wangu huuliza biskuti inafanyaje kazi. Hakuna mtu mwingine anayeuliza. Biskuti, jiwe, saa ya mchanga, vyote ni mlango tu wa kuingilia.

Ninachokipenda mimi ni kwamba katika kitabu cha Mary Rodgers hakuna biskuti wala saa. Mwishoni inakuja kujulikana kwamba aliyefanya yale yote ni mama mwenyewe. Alifanyaje, hasemi. Mzazi yeyote atamwelewa.

Baada ya kuwabadilisha watu, mwandishi ana kazi ya pili: kuamua nini kinahama na nini kinabaki. Kumbukumbu na tabia zinahama na mwenyewe. Sura na sauti zinabaki na mwili. Lakini ujuzi je? Katika ile ya 2003 binti ni mpiga gitaa. Siku ya onyesho, mwili wake upo jukwaani, ila ndani yake ni mama ambaye gitaa halijui. Binti, aliye ndani ya mwili wa mama, anasimama nyuma ya jukwaa na kumpigia. Binti yangu hapo aligoma kabisa. Yeye anasuka, na anasema vidole vyake vinasuka vyenyewe hata akiwa anawaza mambo mengine, kwa hiyo vidole vilivyokwisha kuzoea gitaa vingepaswa kujua kazi yao hata mwenyewe akiwa hayupo. Nadhani ana haki. Waandishi huchagua tu kinachowafaa, mara ujuzi ukae kichwani, mara ukae mikononi, na wanachochagua kinaonyesha hadithi inaelekea wapi.

Iliyochagua vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Kikorea, Alchemy of Souls, iliyoonyeshwa kuanzia 2022. Kuna mwanamke muuaji wa kuogopwa, anaitwa Naksu, bingwa wa upanga. Anajeruhiwa vibaya, anafanya uchawi wa kuhamisha roho, na roho yake inaangukia mwili asioutaka, wa msichana dhaifu kipofu. Macho yanapona kwa kuingia kwake, lakini nguvu hakuna. Anajua kila pigo na kila hatua, ila akiinua upanga mkono unamshinda. Anaishia kuwa kijakazi wa kijana mmoja wa nyumba kubwa, Jang Uk, na kwa siri kijakazi huyo anakuwa mwalimu wa bwana wake.

Mwanangu alipofika sehemu ya upanga kuinuka na kushindwa, alisimamisha muvi. Akasema, "Huyo ni mimi." Nikamuuliza kivipi. Akasema mpira anaujua wote, anajua nani alipaswa kupiga pasi wapi, lakini akikimbia dakika kumi miguu inamgomea. Ni kweli. Kiwanjani kwetu wenzake wanamwita kocha. Anakaa nyuma ya goli kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti limefungwa hadi shingoni, anapiga kelele kuliko mtu yeyote.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, nieleze kidogo, maana sisi wa Kanda ya Ziwa tunao wengi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani. Mtoto anaurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba nusu tu ya kasoro, na kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, zinajikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Baridi inayachochea, kukaa bila kunywa maji kunayachochea, homa nayo inayachochea. Yanaweza kumkuta asubuhi mtoto aliyelala akicheka.

Na hapo ndipo ninapozidai hizi sizoni. Katika nyingi nilizotazama, hasa zile za vichekesho, hakuna anayepewa mwili unaouma. Binti akiingia mwili wa mama anashtuka makunyanzi na magoti. Mama akiingia mwili wa binti anashangaa wepesi. Maumivu ni magumu kuyaonyesha kwenye kioo, kwa sababu kwa nje hayana kitu cha kutazama. Mwanangu akizidiwa halii. Anageukia ukutani na kunyamaza. Mtu akichungulia dirishani ataona mtoto aliyelala.

Mwaka juzi, asubuhi moja ya mvua, alichelewa namba shuleni. Waliochelewa wakaambiwa wazunguke kiwanja mara tatu. Akamwambia mwalimu wa zamu mguu unauma. Mwalimu akamjibu, "Mbona jana ulikuwa mzima?" Alikuwa mzima kweli jana, ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Alizunguka mara moja. Siku nne zilizofuata tulizimaliza wodini. Baba yake alikwenda shuleni na barua ya daktari, mambo yakazungumzwa, sitaki kuyafukua hapa. Ninachokumbuka ni alichoniambia mtoto usiku wa pili, dripu ikiwa mkononi: "Mama, natamani mwalimu abadilishane na mimi siku mbili tu. Simkomoi. Ajue tu, halafu arudi kwake."

Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hiyo ndiyo sheria ya dunia yetu, na sizoni hizi zimetungwa kuivunja. Kule kliniki wana njia yao ndogo ya kuivunja: karatasi yenye nyuso sita, wa kwanza unacheka, wa mwisho unabubujikwa machozi, na chini yake namba kuanzia 0 mpaka 10. Mtoto anaulizwa wewe ni uso upi. Kama unauguza mtoto wa ugonjwa wowote wa maumivu, iulizie. Sisi tumeichora nyuma ya daftari. Ni hatua fupi sana ya kuingia ndani ya mtu mwingine, lakini akisema "nane" sote tunajua la kufanya: maji ya kunywa, dawa, kumfunika, kumkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kama nane haishuki, au kuna homa, safari ya hospitali.

Kuna sheria nyingine inayonigusa kama mama, nayo ni ya kutambuana. Mtu akishahamishwa, nani atamjua? Mfano mkali niujuao ni wa Buffy the Vampire Slayer, sizoni ya Kimarekani, sehemu mbili zilizorushwa Februari 2000. Kuna wasichana wawili waliopewa nguvu za kupambana na wanyonya damu: Buffy, ambaye ana mama na marafiki, na Faith, ambaye hana kitu na ameharibikiwa. Faith anapata kifaa cha kichawi, anamshika Buffy mkono, wanabadilishana. (Sehemu hizo nilizitazama peke yangu na watoto niliwasimulia tu. Kuna mambo ya kitandani, na zaidi ya hilo mchumba wa Buffy analala na Faith akidhani ni Buffy, yaani mwili wa mtu unatumika mwenyewe hajaridhia. Kwa binti wa miaka kumi na minne nililieleza hilo wazi, kwa mdogo wake nikaliruka.)

Faith anarudi nyumbani na mama wa Buffy. Wanaongea vizuri. Mama hajui. Mchumba hajui. Marafiki wa miaka hawajui. Anayeshtuka kwamba kuna kitu hakiko sawa ni Tara, msichana ambaye siku ile ndiyo kwanza anakutana na Buffy. Huku nako Buffy wa kweli, ndani ya mwili wa mwanamke anayetafutwa na polisi, anamwendea mlezi wake Giles na kumwomba amwamini. Anamkumbusha kwamba wiki chache nyuma Giles mwenyewe aligeuzwa jini, na yeye Buffy alimtambua kwa macho tu. Sasa kwa nini Giles asimtazame yeye machoni?

Mwanangu hakufurahishwa hata kidogo. "Mama yake mzazi hakumjua?" Nikasema hakumjua. Akakaa kimya kidogo, halafu swali nililolitarajia: "Wewe ungenijua?"

Ningemwambia ndiyo, angejua ni jibu la kumbembeleza. Nikamwambia ninavyomjua. Anapouma anavuta kidole gumba cha mguu wa kushoto kwa mkono. Akisalimia kwa simu anaanza na swali la chakula. Akiumwa kidogo analalamika, akiumwa sana anakuwa na adabu, anasema "ahsante mama" kwa kila kitu, na hiyo "ahsante mama" ya tatu mfululizo ndiyo inayonifanya nitafute nauli ya bodaboda. Mtu mwingine ndani ya mwili wake asingejua kufanya hivyo. Alinisikiliza, akasema Faith angejifunza. Labda. Lakini ingemchukua miaka kumi.

Namtetea kidogo mama wa Buffy, maana watoto walimhukumu haraka. Yule mtu aliyerudi naye alikuwa mpole kuliko kawaida, alikuwa anasikiliza. Mzazi gani atashuku mtoto kwa kuwa mpole? Na Faith naye, aliyeingia pale kuiba maisha ya mwenzake, anaanza kuyapenda. Mwishoni watu wanashikiliwa mateka kanisani, naye ameshafika uwanja wa ndege tayari kutoroka. Anarudi kuwaokoa. Huko anakutana na Buffy aliyevaa mwili wake, na katika kupigana anaupiga uso wake mwenyewe na kuutukana. Binti yangu ndiye aliyesema, nilipofika hapo, "Kumbe hakumchukia Buffy." Sikuongeza kitu.

Imebaki sheria ya kurudi. Vichekesho vyote vya Freaky Friday vinarudisha watu pale wanapoelewana. Ile ya 2003 inataka kila mmoja aonyeshe upendo usiojifikiria. Ni malipo mazuri: umeelewa, umepona. Mwanangu aliligundua tundu la sheria hiyo mapema kuliko mimi. Mwalimu akielewa, alisema, mwalimu atarudi kwake. Yeye atarudi wapi?

Yapo machache yanayokwenda mbali zaidi. Secret Garden, ya Korea pia, ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa 2010. Tajiri mmoja, Kim Joo-won, na msichana maskini anayefanya kazi ya kuruka na kuanguka badala ya waigizaji, Gil Ra-im, wanakunywa pombe ya ajabu, na mvua ikinyesha wanabadilishana. Kwa sehemu nyingi ni kucheka tu, mwanaume mwenye maringo akihangaika kuishi maisha ya mwanamke wa hali ya chini. Kumbe nyuma yake yupo baba wa msichana, zimamoto aliyekufa zamani akimwokoa Joo-won kwenye lifti iliyozingirwa na moto. Marehemu alijua binti yake atakufa, akaupanga uchawi ule. Halafu kweli Ra-im anapata ajali kazini, analala hospitali bila fahamu, hakuna matumaini. Joo-won anamtoa wodini, anamketisha kwenye gari pembeni yake, na kuendesha kuelekea kwenye mawingu ya mvua, ili wabadilishane, yeye ndiye alale na msichana aamke. Mwisho wake siusemi, mtu anaweza kuwa hajaitazama.

Hapo nilitoka nje nikasingizia kuanua nguo. Kwa sababu kila mzazi aliyewahi kukesha kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mtoto ameshaliomba hilo. Kwenye vichekesho watu wanabadilishwa kwa hasira, bila kuulizwa, na hawataki. Wodini tunataka, tunaomba kwa jina la Mungu, tunaahidi na vitu ambavyo hatuna, na hakuna jiwe wala mvua. Usiku ule wa dripu, dawa ya maumivu ikiwa bado haijafanya kazi, sala yangu ilikuwa hiyo moja tu: niugue mimi.

Juzi, akiwa mzima na ameshiba, nilimuuliza kwa utani, kama pangekuwa na biskuti moja ya bahati hapa mezani angekubali tubadilishane, hata siku zile mbaya tu. Nilidhani ataruka. Alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofikiri akitafuta kosa kwenye muvi.

"Hapana," akasema. "Wewe ukiwa mimi, mimi ndiye nitakuwa wewe."

"Ndiyo."

"Sasa usiku ukiuma, nani atakukanda? Mimi sijui kukanda. Na jiko la mkaa sijui kuwasha."

Nikamwambia kukanda nitamfundisha. Akasema sawa, lakini tuanze na jiko.